Barua kwa mwanangu: piga picha palipo na moto

Mwanangu Tusekile,

Swali lako nimelipata. Unatoka nyumbani saa 12 asubuhi, unarudi saa 1 usiku, na unataka wanao wabaki na picha za maisha yao ya kila siku msimu huu wa baridi. Lakini kila unayopiga inatoka nyeusi, au imecheza, au nyuso zimeungua kwa flashi. Unauliza kama ni heri usubiri Jumapili. Usisubiri. Jumapili watoto wamepakwa mafuta, wamepangwa mstari, wanatazama kamera. Hiyo ni picha ya Jumapili, na zipo za kutosha.

Kinachokusumbua ni saa zenyewe. Mbeya iko kusini-magharibi mwa nchi lakini inakwenda na saa ya Dar es Salaam, hivyo mwezi wa 7 jua linachomoza karibu na saa 1 kamili asubuhi na kuzama kama saa 12:40 jioni. Jumatatu mpaka Ijumaa hakuna saa ambayo wewe na jua mko nyumbani pamoja. Basi acha kulitafuta. Baridi nayo ina neema yake: inakusanya watu. Miezi ya joto watoto hutapakaa uani, lakini mwezi wa 7 wote wako palipo na joto, na penye joto mara nyingi pana mwanga pia. Kaa hapo na simu yako, watakuja wenyewe.

Kabla ya yote, futa lenzi. Nasema hivi kwa sababu msimu huu kila mtu anajipaka mafuta mazito usoni na mikononi ngozi isipasuke, na mikono hiyo hiyo ndiyo inashika simu. Ukiona taa imezungukwa na wingu, au inarusha mikia ya mwanga, hayo ni mafuta ya kidole. Tumia kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Usitumie sweta, linasambaza mafuta na vumbi lake linakwaruza.

Sasa jikoni. Flashi izime moja kwa moja. Inaua rangi ya moto, na ukuta wa nyuma unabaki mweusi kama shimo. Moto wa kuni na moto wa mkaa ni vitu viwili tofauti kwa kamera. Kuni zina ndimi, zinaangaza uso, na kwa ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 1600 unaweza kupata kasi ya sekunde 1/60, yaani muda kamera inaopokea mwanga. Mkaa una joto jingi na mwanga kidogo. Hapo utashuka mpaka 1/15, na kwa kasi hiyo mtoto akigeuza shingo tu, picha imecheza. Dawa yake ni kuwasha taa ya chumba cha pili na kuacha mlango nusu wazi, au kungoja ile nukta mtu anapotulia: anapuliza chai, anageuza muhindi wa kuchoma, ananyoosha viganja juu ya jiko. Watu wanaoota moto hutulia zaidi kuliko wanavyodhani. Viganja hivyo navyo vipige peke yake, kwa karibu.

Umbali kutoka kwenye moto ndio watu wengi wanaokosea. Aliye nusu mita kutoka kwenye jiko anapata mwanga mara nne ya aliye mita moja. Ndiyo maana mdogo anatoka mweupe na kaka yake nyuma yake haonekani. Wakae duara, umbali unaolingana, nawe usimame upande wa pili wa jiko ili nyuso zikutazame. Gusa shavu la mmoja wao kwenye kioo cha simu, shikilia kidole mpaka alama ya kufunga itokee, kisha telezesha kidole chini kidogo. Usiguse makaa. Ukiyagusa, kamera itapima mwanga wa makaa na kuwatia watoto gizani. Rangi ya machungwa usiiondoe. Simu ikijirekebisha yenyewe inajaribu kuufanya moto uwe mweupe kama taa ya duka. Kwenye mipangilio ya kitaalamu weka kipimo cha weupe (WB, kinachorekebisha rangi ya mwanga) kwenye mchana, kisha kiache hapo hapo.

Zile chenga, yaani vidoti vidoti, kwenye sehemu za giza zisikutishe. Picha yenye chenga inachapika na kutazamika, ila iliyocheza haina tiba. Na ile hali ya usiku ya simu, inayokwambia utulie sekunde mbili tatu, inaunganisha picha kadhaa kuwa moja. Inafaa kwa bibi aliyesinzia au watoto waliolala chini ya mablanketi. Kwa mtoto anayecheza inakupa mtoto mwenye vichwa viwili.

Jambo moja halihusu picha, lakini usilipite. Usifunge dirisha wala mlango ili moshi usitawanyike au joto libaki kwa ajili ya picha. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama limebaki jivu la moto tu.

Mkiwa mezani chini ya taa ya umeme utaona mistari myeusi ikipita kwenye picha. Si simu mbovu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kila sekunde bila jicho kuona. Weka kasi 1/50 au 1/100, mistari itaondoka au itapungua sana. Taa ikiwa juu ya kichwa, macho huwa mashimo. Watandikie meza kitambaa cheupe, mwanga utaruka kutoka mezani na kurudi usoni.

Asubuhi ndiyo saa yako nzuri kuliko zote, ingawa najua ndiyo saa ya kelele. Kati ya saa 12:40 na saa 1 anga lina rangi ya samawati na ndani taa au moto una rangi ya machungwa. Simama ndani, mlango wa uani uwe nyuma ya anayechota maji ya kuoga kutoka kwenye sufuria kwenda kwenye ndoo. Mvuke hauonekani ukimulikwa kwa mbele. Unaonekana mwanga ukitoka nyuma yake au ubavuni, na nyuma yake pakiwa na kitu cheusi. Pumzi za watoto zinazotoka kama moshi nazo ni hivyo hivyo: wageuze kidogo, nyuma yao uwe ukuta wa kivulini au mti. Ukiwa unatoka saa 12 kamili siku zote, omba siku moja ya kuchelewa kwa wiki, au mwachie dada wa kazi simu na umwonyeshe pa kugusa. Naye ana haki ya kuwa pichani, ila mwulize kwanza. Za watoto wakioga zibaki kwenye albamu ya nyumbani, zisitembee kwenye makundi ya simu.

Ukitoka nje kwenye baridi na kuingia jikoni kunakochemka, lenzi hutokwa na jasho. Usiifute fute. Simu ikikaa mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, haipati baridi na haitoki jasho. Kamera kubwa itie kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, funga, ingia nayo, ngoja dakika 20 au 30 ndipo ufungue.

Jumamosi mchana, kumbuka kwamba Juni na Julai jua letu liko upande wa kaskazini. Mbeya mjini ni upande wa mlima Loleza. Dirisha la upande huo hupata jua kali, na mbele yake ndipo watoto wanapoota jua na soksi zisizokauka zinapoanikwa. Dirisha la kusini lina mwanga laini siku nzima, linafaa kwa kusuka nywele au kufanya hesabu za shule. Mtoto akae ubavuni mwa dirisha, mita moja hivi, na taa ya ndani izimwe rangi zisichanganyike. Uani kwa sasa kuna mahindi ya kupukuchua. Piga mikono, magunzi na gunia, usiwaambie watabasamu. Mkienda Tukuyu mkakuta ukungu, ongeza mwanga kwenye kamera mpaka +1, maana kamera huufanya ukungu uwe wa kijivu, na anayepigwa asimame hatua tatu au nne tu kutoka kwako. Akienda hatua kumi anakuwa kivuli.

Wewe mwenyewe hutaonekana popote usipojipanga. Shona kifuko cha kitambaa, tia nusu kilo ya maharage, funga. Kinakaa juu ya kabati au debe lililogeuzwa, simu inaegemea humo bila kutikisika, unaweka saa ya sekunde 10 na kurudi kwenye kigoda chako. Kwa mkaa ule wa 1/15 kifuko hiki kinasaidia kuliko simu mpya.

Kila wiki bakiza picha tano, nyingine futa. Ukinitumia kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, vinginevyo zinabanwa na kupoteza ubora. Kwa kuchapa sentimita 10 kwa 15 zinatosha pikseli 1200 kwa 1800. Albamu za kurasa zenye gundi usinunue, gundi hugeuka njano na picha haibanduki. Chukua za mifuko. Albamu usiiweke kwenye kabati linalogusa ukuta wa nje, unyevu huleta kuvu. Andika nyuma ya kila picha, pembeni, kwa kalamu ya wino usiofutika: nani, wapi, tarehe, na walikuwa wanasubiri nini kiive.

Za mwezi huu nitumie kabla ya Nane Nane, hata zilizocheza. Wasalimie wajukuu zangu.

Baba yako