Jibu: Nyungunyungu wamekufa kwenye tuta la mchicha

Salaam, ndugu wa Muheza. Umesema ulimwaga samadi ya kuku tutani, na kesho yake ukakuta nyungunyungu wamekufa juu ya udongo. Kwanza ingiza mkono kwenye hiyo samadi. Ikiwa na joto na harufu ya kuchoma pua, bado ni mbichi. Mimi hapa Pongwe walinifia hivyohivyo, iliniuma sana. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, hivyo ukali ule huwaunguza. Iondoe, irundike kivulini miezi 2 au 3, ukiigeuza na kuinyunyizia maji. Tuta lifunike kwa majani makavu ya mgomba, unyevu usipotee. Na jirani anayewaita minyoo na kukushauri upulize dawa, usimsikilize. Minyoo ya tumboni ni viumbe wengine kabisa.