Ukienda Shimba kwa baiskeli, ijue mito kabla ya barabara

Watu huniomba ramani. "Nitumie njia uliyopita," waniandikia, nami huituma, lakini kila mara nabaki na wasiwasi kwamba sijawapa kitu. Mstari kwenye simu hausemi ni wapi utashuka usukume baiskeli mchangani, wala ni kijito gani kinavukika Februari na hakivukiki Mei. Huu ni mwaka wa saba napanda Kwale kwa baiskeli kutoka Mombasa, na kama ningeruhusiwa kumpa mtu neno moja tu kabla hajatoka, ningemwambia aulize maji yanakwenda wapi. Milima ya Shimba ni tangi. Kila njia kule ama inafuata mgongo wa kilima, ama inakata bonde la mto, na hilo la pili ndilo linalokula miguu.

Nimekulia Majengo, Mombasa, kwenye nyumba ya mitungi. Mkokoteni wa maji ukipita asubuhi mama alikuwa ashasimama mlangoni. Hatukuuliza maji yale yametoka wapi, tuliuliza ni shilingi ngapi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba mji wetu, kisiwa kilichozungukwa na chumvi, unanyweshwa kutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, tangu 1957, Baricho kando ya mto Sabaki, visima vya Tiwi, na chemchemi za Marere zilizo msituni Shimba. Hizo za Marere ndizo zilizonipandisha baiskeli. Nilitaka kuuona msitu ulionilea.

Huko juu, chini ya miti, ni jiwe la mchanga. Pepo za kusi zikitoka baharini zinagonga ule ukuta wa vilima, zinapanda, zinapoa, na ndiyo maana asubuhi nyingi utakuta Kwale kuna ukungu wakati Likoni jua linachoma. Maji ya ukungu huo na ya mvua yananywewa na mchanga, yanazama polepole, kisha yanachimbuka chini ya miteremko. Mto Pemba unaelekea kaskazini hadi hori ya Port Reitz. Mwachema inashuka mashariki na kuingia baharini penye ule msikiti wa kale wa Kongo, baina ya Tiwi na Diani. Mkurumudzi inateremka kusini mpaka ghuba ya Gazi. Ramisi iko mbali zaidi, na hiyo sitaizungumza leo kwa sababu sijaifuata vya kutosha. Njia ninayompendekezea mtu wa mara ya kwanza ni ya siku tatu: kupanda hadi Kwale, kufuata mgongo kuelekea kusini, kisha kuteremka na maji ya Mkurumudzi hadi Gazi, na kurudi nyumbani kwa barabara ya pwani.

Panda feri ya mapema, baada tu ya sala ya alfajiri. Kutoka Likoni hadi Kombani ndicho kipande nisichokipenda katika safari nzima. Malori ya Lunga Lunga na matatu za Ukunda zinagombania lami ile ile, na matatu ikiona abiria haikuulizi uko wapi. Vaa kizibao cha kung'aa, weka kioo kwenye usukani, na usiwe mgumu kushuka pembeni. Anayekaa Changamwe au Miritini anaweza kuunga kwa barabara ya Dongo Kundu bila kugusa feri, ila ajue daraja la Mteza ni refu na upepo wa horini unakusukuma ubavuni. Shika usukani kwa mikono miwili, picha utapiga ukishavuka.

Kombani unakata kulia, na hapo unaanza kupanda. Kwale iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, nawe umetoka sifuri. Weka gia nyepesi kabla hujaihitaji, kwa sababu ukibadilisha ukiwa umeshakaza mguu mnyororo unaruka. Usishindane na bodaboda wala na mwenzako. Mimi hupanda kwa mwendo wa kuweza kuzungumza, na nikiona siwezi kumaliza sentensi, nasimama chini ya mwembe. Ukifika mjini kuna mahamri na mbaazi za nazi na chai ya tangawizi, na saa nne hiyo hiyo mwili utakushukuru ukiupumzisha. Baina ya saa tano na saa tisa mchana sipandi baiskeli kabisa. Beba lita tatu za maji kwa uchache, nne kama ni msimu wa kaskazi.

Sasa neno la ndovu, na hapa naomba unisikilize sana. Shimba ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Mna ndovu, nyati, na palahala, wale swala weusi wenye pembe zilizopinda nyuma ambao Kenya nzima utawaona hapo tu. Hapo si pa kuendesha baiskeli. Iache langoni, lipa kwa eCitizen, tovuti ya serikali, kabla hujatoka nyumbani, na uombe askari wa KWS, shirika la wanyamapori, akuteremshe kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick. Maji yanaanguka kama mita 21 katikati ya msitu, baridi yake inakufikia kabla hujayaona. Kurudi juu ni kupanda tena, kwa hiyo usiache miguu yote chini.

Ndovu hawaishii kwenye ua. Mwaka 2005 walijaa mpaka KWS ikawahamisha 150 kuwapeleka Tsavo Mashariki, na bado wenye mashamba ya mpakani hulala jicho moja. Upande wa Golini, kuelekea hifadhi ya wanakijiji ya Mwaluganje iliyoanzishwa 1995, ndovu wana njia zao za tangu zamani. Mimi siwi kwenye barabara za karibu na ua kabla ya saa moja asubuhi wala baada ya saa kumi na moja jioni. Na kila ninapoingia kijiji kipya namuuliza mtu wa bodaboda, maana yeye amepita alfajiri. Nikikuta mavi mabichi barabarani, nageuza. Safari itakuwepo wiki ijayo.

Siku ya pili ndiyo tamu. Ukitoka Kwale kuelekea Mkongani unakwenda juu ya mgongo, mabonde yako kushoto na kulia, minazi, mikorosho, michungwa, na nyumba za watu wasiokuacha upite bila salamu. Simama uamkiane nao. Ukimkuta mzee amekaa barazani, shuka kwenye baiskeli kabla hujasema shikamoo, usimsalimie ukiwa umeketi juu yake. Adabu hiyo imenipatia maji, kivuli, na mara moja kitanda.

Mchanga ndio adui wa siku hiyo. Tairi nyembamba za lami zitazama. Upana wa inchi mbili ni mzuri, na ukifika palipo laini punguza upepo kidogo, kaa nyuma ya kiti, usikate kona kwa ghafla. Ukirudi kwenye lami jaza tena, kwa hiyo pampu isiwe ile ya kuazima. Ukiamua kwenda magharibi badala ya kusini, upande wa Kinango, mambo yanageuka: kule mvua ni haba, lakini ardhi ni udongo wa kunata, na mvua ya saa moja tu inaugandisha kwenye magurudumu mpaka hayazunguki. Mvua ya mwaka, yaani masika, ikianza, Aprili hadi Juni, Kinango iache. Miezi yangu ni Julai hadi Septemba, halafu Januari na Februari.

Niliyajua haya kwa hasara. Mwaka wa pili wa safari zangu nilikwenda mwezi wa Mei na mpwa wangu. Tulifika kwenye kivuko cha kijito kimoja kinachoingia Mkurumudzi, mbingu nyeupe, jua kali, maji yamefika magotini tu. Mzee mmoja alikuwa amekaa ng'ambo na mbuzi zake, akatupungia mkono tusubiri. "Mwanangu, jana imenyesha juu," aliniambia kwa sauti ya kuvuka maji. Mimi nilitazama mbingu iliyokuwa kichwani mwangu nikaona hakuna wingu. Nikamwambia mpwa wangu asimame, nikaingia na baiskeli mkononi.

Katikati maji yalikuwa kiunoni na yanavuta. Baiskeli iligeuka kama tanga, ikaniangusha, na mfuko wa nyuma ukazama pamoja na simu, chakula na nguo za kulalia. Mzee ndiye aliyeukamata usukani kwa fimbo yake. Hakunilaumu. Alinikalisha juani, akamwambia mpwa wangu kwamba maji ya mvua ya juu huchukua usiku mzima kufika pale, na yatapungua baada ya adhuhuri. Baada ya adhuhuri mtoto akavuka bila kulowa mapaja.

Hasara haikuishia hapo. Siku ile ile gurudumu la nyuma likaanza kusaga. Fundi wa Msambweni alilifungua, akanionyesha: grisi yote imeoshwa, ndani mchanga mtupu, gololi zimechubuka. Tangu hapo nabeba kijikopo cha grisi, gololi za akiba, tyubu mbili, viraka, spana na spoki nne nilizozifunga kwa mpira kwenye fremu. Simu na unga wa sukari vinakaa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili. Na kivuko chochote ambacho siwezi kuona mawe ya chini yake sivuki mpaka nimeona mwenyeji akivuka.

Kuteremka upande wa Msambweni kunakupa upepo usoni na mashamba ya miwa mbele yako. Breki zako zipime asubuhi, si pale. Ukiona katikati ya mashamba kijisitu kinene cha miti mikubwa kimesimama peke yake, elewa kwamba huenda ni kaya, msitu mtakatifu wa wenyeji. Misitu ya makaya ya Wamijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini heshima yake ni ya kale kuliko orodha yoyote. Usiingie kujisaidia humo, usikate fimbo, usilaze baiskeli kwenye mti. Ukitaka kuona kaya kwa ndani, nenda Kinondo, karibu na Diani, ambako wazee wanapokea wageni na kuwaongoza kwa masharti yao.

Gazi ni kama kilomita 50 kutoka Mombasa, na ndipo Mkurumudzi inapomalizikia. Fika maji yakiwa yamekupwa. Akina mama wa kijiji wana daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko, na wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko hiyo chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, wakiuza haki za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na kutumia fedha kwa shule na maji ya kijiji. Nilisimama pale nikiwa na magoti yanayouma nikaona maji ya kahawia yanaingia kwenye maji ya kijani, na mchanga ulioninyima raha kule juu umetulia kwenye mizizi. Mikoko inaushika usiende kuyafunika matumbawe. Nilikaa mpaka maji yakaanza kujaa, na wali wa nazi na samaki niliokuwa nimeagiza ukapoa.

Siku ya tatu ni lami tupu, Ukunda, Tiwi, Ng'ombeni, kisha feri. Haina mengi ya kusimulia, ondoka mapema tu.

Ukifika nyumbani usiiache baiskeli mpaka kesho. Chumvi ya pwani inakula nyaya za breki na mnyororo kwa wiki chache. Nusu ndoo ya maji baridi, yasiyo na chumvi, yatosha, kwa kitambaa, kuanzia juu kwenda chini. Mimi huyamimina taratibu, kwa kata. Mnyororo ukishakauka tia oili tone moja kwa kila pete, zungusha pedeli kinyumenyume, futa inayozidi.