Muulize Fundi: Tumeinua Sakafu, Maji Yamerudi

SWALI: Shikamoo, fundi. Nyumba yetu iko ufukweni, na ardhi ya mtaa mzima inatitia. Kila bamvua maji huingia sebuleni. Tumeshajaza kifusi na kumwaga jamvi jipya la zege mara mbili. Sasa mume wangu huinama kupita mlangoni, na maji yamerudi. Tujaze tena au tuvunje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usijaze tena, na usivunje bado. Chini yenu yaelekea kuna tope laini, na tope likitwikwa mzigo hukamuka maji na kusinyaa. Kila tani ya kifusi na zege mnayomimina ndani inaisukuma nyumba chini. Huniuma sana kukuta familia imemaliza akiba yake kwa njia hiyo.

Inua kwa kitu chepesi. Huko Timbulsloko, kijiji cha wilaya ya Demak, kaskazini mwa kisiwa cha Java nchini Indonesia, watu wametandika sakafu za mbao juu ya nguzo ndani ya nyumba zao zile zile, maji yakapita chini. Yakizidi, mbao hung'olewa na kupandishwa. Jamvi huwezi kulifanyia hivyo. Kichwa kikikaribia dari, shusha kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, ongeza ukuta kwa mbao na mabati, kisha rudisha paa. Tofali usiongeze hata moja.

Choo ndicho kinachosahauliwa. Kisipopanda pamoja na sakafu, maji machafu yatafumuka ndani wakati wa bamvua. Bomba linapopenya ukuta liunge kwa mpira unaopinda, kwa sababu nyumba na ardhi haviteremki sawasawa, na bomba gumu hukatika. Soketi ziwe juu ya kiuno, nyaya zishuke kutoka darini.

Halafu kuna visima. Mashariki mwa Tokyo ipo mitaa iliyotitia zaidi ya mita 4 katika karne iliyopita kwa kuvutwa maji ya chini ya ardhi. Uvutaji ulipobanwa kisheria, kutitia kukapungua sana. Kama mtaani kwenu kuna pampu za visima virefu, kaeni na majirani mlizungumze, maana pampu ya mmoja hushusha nyumba za wote.

Kabla ya kununua mbao, kagua nyufa. Zikiwa za mshazari kutoka pembe za madirisha na zinazidi kupanuka, upande mmoja unashuka kuliko mwingine, na ukuta huo usiutwike chochote kipya. Piga alama ya penseli mwisho wa kila ufa, andika tarehe, kisha niandikie baada ya miezi mitatu.