Kaka Mkubwa wa Moore na Maji ya Nyando

Wiki hii hapa Kisumu nimekagua sheria ambazo vijana wetu watatu wapya wameuandikia mfumo wa kompyuta, ufikiri juu ya kile unachojua na kuamini. Wote watatu wameandika P → KP, yaani "P ikiwa kweli, mfumo unajua P". Jamani!

1. Hiyo si aksiomu (kanuni ya msingi). Kilichothibitishwa bila dhana yoyote, mfumo unakijua, hapo tu. Ukiandika hivyo, mfumo wako unajua kila lililo kweli, hata hesabu ya omena ziwani. Futeni, kisha tunywe chai.

2. Imani iacheni KD45 (kanuni za imani isiyojipinga na inayojitambua), msiiongezee T, yaani "kinachoaminiwa ni kweli". Mtu huamini uongo. Muulizeni shabiki wa Gor Mahia kabla ya mechi.

3. Kutojua kwamba ndivyo si kujua kwamba sivyo. Hapa nitakawia, maana hapa ndipo nilipoumia. Robert Moore, mtafiti wa akili bandia, katika makala yake ya 1985, alitoa mfano: sina kaka mkubwa, kwa sababu ningekuwa naye ningejua. (Huo ni mfano wa mtu asiyejua matanga ya huku kwetu, ambapo kaka mkubwa hushuka kwenye matatu siku ya mazishi, mama yake nyuma.) Mimi nikaumeza mzima. Nikaandika: usipojua kwamba barabara imefungwa, iko wazi. Mfumo ulipangia malori ya pembejeo safari, madereva wakituma ripoti kwa simu. Miezi kadhaa nilitembea kifua mbele. Kisha usiku mmoja wa masika mto Nyando ukafurika, mji wa Ahero ukajaa maji, mnara wa simu ukazimika. Ripoti hazikuja. Mfumo haukuona "imefungwa" popote, ukatangaza njia nyeupe. Lori likaingia na vifaranga 400. Mchana mtandao uliporudi, dereva akanipigia: "Bosi, hiyo kompyuta yako inajua nini hasa?" Nilipitia hitimisho hatua kwa hatua, hakuna iliyokosea. Kosa lilikuwa kwenye ile "ningejua": mvua iliyofunga barabara ndiyo iliyowaziba midomo watoa habari. Kwa vifaranga hao nilikatwa mshahara miezi mitano.

Siku hizi naweka sharti: pasipo ripoti ya karibuni, mfumo useme "sijui".

4. LP ni "mfumo unaamini P", na upanuzi thabiti ni seti ya imani ambayo mfumo unaweza kusimama nayo bila kuongeza wala kupunguza. LP → P ina upanuzi thabiti miwili, na mmoja unaiamini P kwa kuwa tu unaiamini. ¬LP → P ("usipoamini P, basi P") haina hata mmoja. Jaribuni kwa kalamu kwanza. Na wewe wa dawati la dirishani, programu yako haijakwama: inaingiza P, inaitoa, inaiingiza tena, tangu saa tatu asubuhi. Izime, tokeni za umeme nanunua mimi.