Jibu: Baba mtoto anatuma hela akijisikia, nimzuie asimwone mtoto?

Dada uliyeuliza kama umfungie mlango baba mtoto mpaka atume hela ya matumizi, nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilifanya miezi minne, likanigeukia.

Hatukuwa na talaka, tulitengana tu, nikabaki Morogoro na binti yetu wa miaka mitano. Mwezi huu anatuma elfu themanini, miezi miwili kimya, halafu anatokea na boksi la juisi. Nikachoka, nikamkatalia kumwona. Nilipompeleka ustawi wa jamii, yeye ndiye aliyeanza kulalamika kwamba ananyimwa mtoto, nikajikuta najitetea badala ya kudai. Mama wa ustawi akatusomea Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 26: wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu kwa kiwango alichokuwa nacho kabla, na ana haki ya kumtembelea mzazi asiyeishi naye. Zote mbili ni haki za mtoto. Mimi nilikuwa nashikilia moja ili nipate nyingine.

Tuliandikishana pale, akalipa mara mbili akaacha. Ndipo nikafungua shauri la matunzo mahakamani, na hapa sikiliza vizuri. Hakuna asilimia ya mshahara iliyopangwa. Hakimu anaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine ambao mzazi anawatunza, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Niliomba laki nne. Nikaulizwa imetokana na nini, sina hata karatasi! Ikapangwa tarehe nyingine, nikarudi na daftari: ada, sare, bodaboda ya shule, maziwa, sehemu ya kodi ya chumba, na risiti nilizozipata. Yeye akaleta karatasi ya mshahara na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake wengine wawili. Genge langu la mboga nalo likahesabiwa. Ikaamriwa laki na themanini kwa mwezi, na ada alipe mwenyewe shuleni. Niliumia siku ile, lakini wale wawili nao wanakula.

Kama hamkufunga ndoa, bado mtoto ana haki hiyo hiyo. Cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba kinasaidia sana, na akikana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Mama zetu walikuwa na hali ngumu kuliko sisi: ile sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, iliyofutwa na hii ya 2009, iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi.

Halafu usipokee hela mkononi, hata akija nayo mlangoni. Mwambie atume kwa simu. Mwaka jana aliruka miezi mitatu. Nilichapisha miamala yote nikarudi nayo mahakamani, akaitwa, hakuwa na la kubisha, akalipa deni kwa awamu.

Binti anaenda kwa baba yake kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hata ile miezi mitatu alienda.