Glasi ya mtindi kabla ya sahani ya wali

Yale maji ya manjano-kijani yanayojitenga juu ya mtindi siku hizi yamepata sifa kubwa. Wapo wanaoyakinga kwenye chupa na kuyanywa asubuhi ili yashushe sukari ya damu, kwa kuwa wamesikia protini iliyomo ndiyo inayouzwa kwenye makopo ya wanamazoezi, na kwamba ikitangulia chakula hupunguza mpando wa sukari. Protini ni hiyohiyo kweli, ila hesabu haikai. Lita moja ya maji hayo ina protini gramu 7 hivi, na laktozi, yaani sukari ya maziwa, gramu 40 au zaidi. Anayetafuta gramu 15 za protini itabidi anywe lita mbili na ushee, na sukari zaidi ya gramu 80 itashuka pamoja nazo. Kwa mwenye kisukari huko ni kujipalia makaa.

Maziwa ya ng'ombe yana protini kama gramu 3.3 katika kila gramu 100, hivyo kikombe cha mililita 250 kina gramu 8 hivi. Takriban asilimia 80 ni kaseini, ile inayoshikana maziwa yakiganda. Iliyobaki ni wei, inayosalia kwenye maji. Kwenye makopo utaiona imeandikwa whey. Zikifika tumboni haziendi mwendo mmoja. Kaseini hukutana na asidi ikawa donge, na donge hilo humeng'enywa taratibu kwa saa kadhaa. Ndiyo maana mtindi mzito unakaa na mtu. Wei haigandi hivyo. Huteremka upesi kwenye utumbo mdogo, na muda si mrefu amino asidi zake, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, ziko kwenye damu, hasa ile iitwayo lusini, ambayo wei inayo kwa wingi.

Amino asidi hizo huichokoza kongosho itoe insulini. Utumbo nao hutoa homoni za GLP-1 na GIP, zinazoiongezea kongosho nguvu ya kujibu, na tumbo hupunguza kasi ya kumwaga chakula. Kwa hiyo wali ukifika, unakuta insulini imeshaanza kazi na mlango wa tumbo unafunguliwa kidogokidogo. Mwaka 2014 jarida la Diabetologia lilichapisha jaribio la watu 15 wenye kisukari cha aina ya 2. Walikunywa gramu 50 za wei kabla ya kifungua kinywa cha wanga unaoyeyuka haraka, na sukari yao katika saa tatu zilizofuata ilikuwa chini kwa asilimia 28 kuliko siku walipokunywa maji matupu. Watu 15 ni wachache, na gramu 50 ni nyingi mno kwa matumizi ya kila siku. Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba hata gramu 15 kabla ya mlo zinapunguza mpando wa sukari.

Neno kubwa hapo ni "kabla". Dakika 10 hadi 30 kabla ya chakula ndizo zinazofaa. Ukinywa katikati ya mlo faida hupungua, na ukinywa baada ya kushiba umejiongezea kalori tu.

Ukiamua kununua kopo la wei, usisome jina, soma jedwali la nyuma. Kijiko cha gramu 30 kiwe na protini gramu 22 au zaidi na sukari isiyozidi gramu 3. Makopo ya kunenepesha wanamazoezi yamejaa maltodekstrini, wanga unaopandisha sukari kama glukosi, na mara nyingi ndiyo yanayopangwa mbele dukani. Maziwa ya unga ya kawaida pia si mbadala: yaliyoondolewa mafuta yana protini kama gramu 35 kwa gramu 100, lakini laktozi ni gramu 50 hivi. Kukoroga, tia kwanza maji baridi mililita 150, kisha unga, halafu tikisa. Ukiumwagia maji yanayochemka protini huganda mabongemabonge, na hakuna kijiko kitakachoyayeyusha.

Kwa wengi, hata hivyo, kopo ni gharama isiyo na sababu wakati mtindi upo. Glasi ya mililita 300 isiyo na sukari ina protini gramu 10 hivi. Nyingi ni kaseini, kwa hiyo usitarajie nguvu ya wei safi. Faida yake kubwa ni kwamba unaikuta sahani ukiwa umeshashiba nusu. Lakini lazima kitu kitoke. Glasi hiyo, ikiwa ya maziwa yenye mafuta yote, ina kalori karibu 190, sawa na gramu 150 za wali uliopikwa. Usipoupunguza wali kwa kiasi hicho, baada ya miezi michache suruali itakuambia.

Mtindi wa pakiti wenye ladha ya stroberi au vanila umetiwa sukari, wakati mwingine kupita soda kidogo tu. Wa nyumbani ni bora, na hauna siri. Chukua lita mbili za maziwa, yachemshe, kisha punguza moto na uyaache yakitetemeka pembeni mwa sufuria, bila kufurika, kwa dakika 15. Hatua hii wengi huiruka baada ya maziwa kuinuka mara moja, na ndiyo inayoamua uzito wa mtindi. Katika joto la nyuzi 85 hivi wei hufunguka na kujishikiza kwenye kaseini, kwa hiyo maziwa yakiganda wei inabaki ndani ya donge badala ya kutoka na maji. Umepata mtindi mzito, na protini haikupotea. Kuchemsha pia kunaua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela. Maziwa mabichi yasiyochemshwa hayana faida yoyote inayolipia hatari hiyo.

Acha yapoe mpaka nyuzi 43 hadi 45. Usipokuwa na kipimajoto, ingiza kidole kilichooshwa vizuri: uweze kuhesabu hadi kumi bila kukitoa, ukisikia joto lakini si kuungua. Weka vijiko vinne vya chakula vya mtindi mtupu wenye bakteria hai, uliokorogwa kwanza kwenye kikombe cha maziwa hayohayo. Funika, fungia sufuria kwenye blanketi, na usiiguse kwa saa sita hadi nane. Mtindi unaotikiswa ukiwa unaganda hupasuka na kutoa maji.

Usipoganda kabisa, sababu kwa kawaida ni moja kati ya tatu. Mbegu, yaani ule mtindi uliotiwa, iliungua kwa sababu maziwa yalikuwa bado moto. Au mbegu yenyewe ilikuwa mfu. Au ng'ombe alikuwa kwenye dawa, mara nyingi sindano ya ugonjwa wa kiwele, na antibayotiki iliyobaki kwenye maziwa imewaua bakteria wako. Hiyo ya tatu haitoki kwa kuchemsha. Badilisha muuza maziwa. Mtindi ukiganda lakini ukawa mwepesi, shuku kwamba maziwa yalitiwa maji. Ukiwa na mapovu au ukivutika kama ute wa bamia, mwaga, osha vyombo kwa maji ya moto na anza upya na mbegu mpya.

Anayejaa gesi kwa maziwa aanze na mililita 100 za mtindi, kwani bakteria wake husaidia kuivunja laktozi. Maziwa ya ngamia nayo husifiwa kwa kushusha sukari, lakini hayamwondolei mtu sindano yake ya insulini, hata muuzaji aape vipi.

Kama una mashine ya kupima sukari, usiamini maneno ya mtu, haya yakiwemo. Chagua mlo mmoja unaoweza kuurudia bila kubadilisha: kikombe kilekile cha wali, maharage kiasi kilekile, saa ileile. Siku ya kwanza kula kama kawaida. Pima kabla ya kula, saa moja baadaye, na saa mbili baadaye. Siku nyingine tangulia na mtindi dakika 20 kabla, ukipima kabla ya kunywa, kisha saa moja na saa mbili baada ya kuanza kula. Rudia kila jaribio mara mbili, maana usingizi mbaya au kutembea kwenda sokoni kunatosha kuharibu jibu la siku moja. Ukiipima kwa namba zako, ndipo utajua kama glasi hiyo inakufaa.

Wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi wamwambie daktari kabla ya kupunguza wali, kwa sababu dozi ileile juu ya wanga kidogo inaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kwa kichwa chake, na kwenye maziwa fosforasi na potasiamu nazo zinahesabika. Vidonge vya tezi ya shingo, na vya antibayotiki za tetrasaiklini na siprofloksasini, visimezwe na maziwa wala mtindi: kalsiamu huvishika tumboni na dawa haiingii mwilini ipasavyo. Meza kwa maji, na muulize mfamasia uache saa ngapi.