Nilisoma namba ya juu, sikushuka chini

Juzi niko kwenye mapumziko ya shifti, saa nane usiku, kuna baba mmoja wa hapa hapa Louisville, Kentucky, huku Marekani, kanitumia meseji: “Shikamoo dada, nasikia binti yako kapata magnet, hebu niambie shule ipi ina namba kubwa ya ufaulu na mimi nimpeleke wangu.” Marahaba mdogo wangu. Magnet, kwa asiyejua, ni shule ya serikali yenye fani yake ya pekee, mtoto anaiombea nafasi badala ya kwenda tu shule ya mtaani kwake. Nilianza kukujibu kwenye simu nikaona naandika gazeti zima, bora niweke hapa na wengine wasome, maana hakuna kati yetu aliyevuka bahari aje kupanga maboksi usiku kucha kwa raha zake, wote tunajua tumekuja kwa ajili ya nani.

Ni kweli binti kapata, anaanza darasa la sita, barua nimeibandika kwenye friji na kila mgeni anayekuja kuomba maji anaisoma atake asitake. Ila huyu ni wa pili. Habari ya kaka yake sijawahi kuiandika humu.

Tulifika 2017. Mwaka uliofuata kijana anaingia middle school, yaani darasa la sita mpaka la nane, na kanisani kila mtu anasema magnet, magnet, shule ya mtaani ni ya watoto walioshindikana. Nikatafuta ile yenye asilimia kubwa ya watoto waliopata proficient na distinguished, yale madaraja mawili ya juu kwenye mtihani wa jimbo la Kentucky. Nikaona namba, nikafunga simu. Tukaomba, tukabahatika, nikapiga simu Kigoma nikaamsha ukoo mzima.

Mtoto hesabu alikuwa moto, Tanzania alishika nafasi ya pili darasa la watoto zaidi ya tisini. Siku moja anarudi na karatasi ina alama nyekundu, swali lenyewe la hela: mtu ana dime saba na nickel tatu, ana shilingi ngapi, yaani senti ngapi. Kakosa. Namuuliza imekuwaje mwanangu, ananitolea sarafu mfukoni anazipanga mezani. Dime ni ndogo kuliko nickel, sasa yeye akajua kidogo ndo cha thamani ndogo, akaipa senti tano na nickel akaipa kumi, kumbe ni kinyume. Na ukiigeuza dime haijaandikwa kumi popote, imeandikwa tu “one dime”. Kujumlisha kajumlisha sawasawa kabisa! Nililia mimi, yeye akabaki ananishangaa.

Miezi mingine naruka, ilikuwa homuweki na usingizi tu. Mwisho wa mwaka ikaja barua: hawezi kuendelea, arudi shule ya mtaani. Enzi hizo baadhi ya magnet ziliruhusiwa kumrudisha mtoto akishuka maksi, utaratibu huo baadaye wakaufuta. Shule siitaji, walimu wake wawili walikuwa watu wazuri sana. Ila mwaka uliofuata nikachungulia tena ile namba, imepanda, na moyoni nikajua mtoto aliyetolewa kwenye hesabu yao ni wangu. Hiyo bado inaniuma, nisidanganye.

Ndo nikaanza kusoma vizuri. Kumbe kwenye tovuti ya elimu ya Kentucky kila shule ina kadi ya ripoti, na ukishuka chini ya ile namba kubwa kuna safu za makundi: weusi, weupe, walatino, waasia, wenye kipato kidogo, wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu. Mwanangu alikuwa kwenye safu tatu kwa mpigo. Na ile safu ya weusi imewaweka pamoja mtoto ambaye babu wa babu yake kazaliwa Kentucky, na Mkongo aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mwaka jana, na wangu. Ukiambiwa “weusi wamefaulu asilimia fulani” hujaambiwa ni weusi gani. Safu ya Kiingereza nayo ina ujanja wake, kama wodi ya hospitali, aliyepona anaondoka, kwa hiyo wodini siku zote utakuta wagonjwa, ndo maana utazame pia ile inayowajumlisha na waliokwisha kutoka. Na kundi likiwa na watoto wachache mno, namba hawaandiki kabisa. Pale ambapo hamna namba, mzazi mwenzangu, hiyo nayo ni habari: wa aina yako ni wachache mno au hawapo.

Na kwanini hawapo? Magnet maana yake sumaku. Mji huu 1975 mahakama iliamuru watoto weusi na weupe wachanganywe, mabasi yakawa yanawavusha mji mzima, wazazi weupe wengi wakachachamaa, ndo shule zenye kitu cha pekee zikatumika kuwavuta watu kwa hiari, hii sayansi, ile muziki, ile lugha. Juni 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kura 5 kwa 4, mtoto asipangiwe shule kwa rangi yake, na kesi moja ilitoka Seattle, nyingine ni ya mama wa hapa hapa. Halafu mwaka wa masomo 2024–25 mabasi ya magnet nyingi yakaondolewa kwa uhaba wa madereva. Sasa fikiria mwenyewe nani alibaki, aliye na gari na mchana mtupu, au wewe unayetoka kazini saa moja asubuhi macho yamevimba?

Kwa hiyo ndugu yangu ushauri wangu ni shuka chini usome safu ya mwanao. Siku hizi kila shule inapewa rangi ya jumla, kuanzia nyekundu ya chini kabisa mpaka bluu ya juu kabisa, usidanganyike na rangi ya juu, shuka. Nenda shuleni uulize mwalimu wa Kiingereza cha wageni yuko siku ngapi kwa wiki. Uliza usafiri kabla hujajaza fomu. Narudia, shuka chini! Tunapenda sifa sisi, tunataka kusema mbele za watu mwanangu yuko shule fulani, na mtoto anazama huku sisi tunapigiwa makofi. Mimi ndo wa kwanza, nilipiga simu Kigoma kabla sijamuuliza kijana anapenda nini.

Huyo kijana sasa ana miaka 18, ndo alikaa na mdogo wake kujaza maombi. Walipofika pale pa kueleza kwanini unaitaka shule hii akainua macho akaniangalia, “Mama, niandike sababu zake au zako?” Nikaenda jikoni. Binti kakaa dakika arobaini kaandika mistari minne, mitatu yote ya tarumbeta.